Pikipiki ya Baba na Mafuta ya Papa

Siku ile tulikuwa watu sita. Alikuwapo fundi, mwenye banda nyuma ya soko la Kibiti, Mnyamwezi aliyerudi kutoka vita vya Wazungu huko Bama akaishia pwani, kwao hakufika tena. Alikuwapo baba mdogo, mdogo wake marehemu baba, aliyekuja na mzigo kutoka Kiongoroni. Alikuwapo shangazi wa Chumbi, mkubwa wa wote waliobaki katika ukoo wetu, ambaye akishasema neno hakuna wa kulipindua. Alikuwapo mdogo wangu wa kike anayenifuata, na mgongoni mwake kitindamimba wetu, wa miaka mitatu, amelala mdomo wazi. Wa sita nilikuwa mimi.

Wachukuzi wanne walioushusha mzigo kutoka kwenye lori la boriti siwahesabu, maana hawakukaa. Waliubeba nyuso zao zimegeukia pembeni, wakautua, na mmoja wao akaenda nyuma ya mgomba akatapika. Mzigo ulikuwa umeviringwa kwa tanga kuukuu na kufungwa kamba za makumbi. Sisi tuliobaki tuliziba pua, isipokuwa baba mdogo, ambaye alikuwa akitabasamu.

Ndani ya tanga lile ilikuwamo pikipiki ya baba.

Nieleze kwanza ilivyokuwa, ili ijulikane kwa nini tulikaa pale badala ya kukimbia kama wale wachukuzi. Mama alifariki kwa homa ya uzazi, alipomzaa huyu mdogo wetu wa mwisho, na baba akamfuata mwaka ule ule. Niliacha shule darasa la nne, nikawa mpakiaji wa magunia ya mpunga. Bibi ndiye aliyekuwa akitutunza sote. Bibi naye alipofariki, shangazi aliwaita watu wa ukoo baada ya arobaini, akasema kwamba kijana mwenye kibarua leo na kesho hana hawezi kulea wasichana wawili. Akanipa muda mpaka Idi. Ikifika Mfungo Mosi, mwezi wa Idi, nina kazi ya mshahara, tutakaa watatu katika nyumba ya baba. Nikiwa sina, mdogo wangu mkubwa atakwenda Kiongoroni kwa baba mdogo, na mdogo wa mwisho atakwenda Chumbi.

Mdogo wangu alijua Kiongoroni kuna nini. Baba mdogo alikuwa na mshirika wake wa kukata mikoko, mzee kuliko baba yetu, mwenye wake wawili na mashua mbili, na tayari alikwisha kutuma mtu kuuliza.

Kazi ilikuwapo moja tu. Tajiri mmoja wa mpunga pale Kibiti alitaka mtu mwenye pikipiki yake mwenyewe, wa kumpelekea barua na bei kwa mawakala wake mpaka kivukoni Ndundu, na kumrudishia majibu siku hiyo hiyo. Baba alikuwa na pikipiki, aliyoinunua ikiwa imetumika kwa Mzungu mmoja wa kupima barabara aliyekuwa akirudi kwao. Baba alipofariki, baba mdogo aliichukua kwa amana, hadi nikue. Akaipakia mashuani akaenda nayo Kiongoroni, ambako hakuna barabara hata ya kupitisha mkokoteni. Kuna matope, mikoko na maji yanayopanda na kushuka. Ilikaa huko miaka mitatu kasoro.

Basi alikata kamba mwenyewe kwa kisu, akalivuta tanga.

"Haya, mwanangu, tazama amana yako. Sijapoteza hata nati moja."

Kilichoonekana kilikuwa na umbo la pikipiki, lakini kimevaa ngozi nyingine, nyeusi na kahawia, nene, iliyokunjamana kama ngozi ya maziwa yaliyochemka. Nzi walikwisha kuwasili.

Fundi akaizunguka mara moja, mikono nyuma. "Mtani," akamwambia baba mdogo, maana Wanyamwezi na sisi watu wa pwani ni watani, "umeniletea chombo cha moto au maiti ya papa?"

"Chombo ni chombo," baba mdogo akajibu. "Cha baharini, cha barabarani, adui yao ni mmoja, chumvi."

"Ukakipaka nini?"

"Sifa. Kila mwezi ukiandama, sikuruka hata mmoja."

Asiyekulia visiwani pengine hajui. Sifa ni mafuta yanayotokana na maini ya papa. Maini huachwa ndani ya debe juani mpaka yaoze na kuyeyuka yenyewe, kisha mafuta hupakwa mbao za mashua zisinyonye maji. Harufu yake haina mfano, na ikiingia katika nguo, nguo hiyo haina kazi nyingine tena. Nilizaliwa ndani ya harufu hiyo. Sikuwahi kufikiri kwamba itanikuta Kibiti.

"Na huku chini?" Fundi alikuwa amechuchumaa, anakwangua tumbo la injini kwa ukucha. Kikabanduka kitu cheupe, kigumu.

"Deheni. Shahamu na chokaa. Chini ya chombo hupakwa deheni, sifa ni ya juu. Hata hilo hulijui?"

"Na hili bomba la moshi mbona limezibwa?"

"Nimelikalafati, kama nyufa za mashua. Pamba na sifa. Maji yangeingia."

"Maji gani, mtani? Si ilikuwa bandani?"

"Wewe wa bara. Bamvua unalijua? Maji yanakuja mpaka kitandani."

Fundi alikaa chini akacheka mpaka akashika mbavu. "Nyinyi wala pweza," akasema, "siku Mungu akiwaangushia eropleni mtaipara magamba!"

"Na nyinyi mliobeba pembe vichwani kutoka Unyanyembe mkidhani bahari ni bwawa la ng'ombe, mtatufundisha nini? Fungua, kazi yako kufungua."

Shangazi hakucheka. Alikuwa ameziba pua kwa upindo wa kanga. "Itawaka au haitawaka?" akauliza.

Fundi akachukua kipande cha bati akakwangua fremu. Ganda likatoka kwa mapande, na chini yake ikaonekana rangi nyeusi ya baba, nzima, inang'aa. Akakwangua rimu ya gurudumu, chuma salama. Baba mdogo akanitazama akingoja nimshukuru. Nikamshukuru.

"Nje kweli kumepona," fundi akasema, safari hii bila utani. "Tuone ndani."

Akalegeza bolti ya kutolea mafuta chini ya gia. Hapakutoka kitu. Akachokoa kwa waya, akachokoa tena, ndipo kikaanza kujivuta nje kitu kizito, cha rangi ya usaha uliokaa, kwa uvivu, kikining'inia bila kukatika. Ndani yake mlikuwa na mende, wengine wazima na wengine miguu tu. Harufu iliyotoka haikuwa tena ya sifa. Ilikuwa ya sifa iliyooza mara ya pili.

"Ulitia ndani?" fundi akauliza kwa sauti ndogo.

"Nilitia kote. Chombo kikikauka si mbao huachana? Niliinywesha mpaka ikajaa."

Mdogo wangu aliondoka na mtoto mgongoni. Mimi nilibaki kwa sababu ilikuwa yangu. Chini ya kiti tulikuta tundu la panya, na watoto wa panya waliokauka, sita, wamegandana kwa mafuta kama bisi zilizoungua. Tangi la petroli lilikuwa limetoboka juu, si chini. Fundi akamuuliza baba mdogo juu ya tangi kulikuwa na nini, naye akasema bila haya kwamba hapo ndipo alipokuwa akitundika papa wa chumvi wakauke, kwa kuwa ile pikipiki ilikuwa imekaa tu, haina kazi. Maji ya chumvi yalidondoka juu ya tangi miaka mitatu kasoro, na yeye kila mwezi akayafunika kwa sifa.

Nimekutana na uchafu mwingi tangu siku ile, lakini ninapotaka kueleza maana ya kinyaa huikumbuka sura ya baba mdogo wakati ule. Alikuwa ameridhika. Hakuwa akidanganya. Aliamini kabisa kwamba ametunza mali ya yatima.

"Mwezi mmoja," fundi akamwambia shangazi. "Hela ya kunilipa hana, najua. Atanilipa kwa mikono. Mimi nitafungua na kufunga, yeye ataosha. Ila awe na tumbo la kustahimili."

Shangazi akanitazama. "Umesikia. Mpaka Idi," akasema.

Mwezi wenyewe ulikuwa wa Ramadhani. Hilo nalisema si kwa kutaka kusifiwa. Mtu aliyekula anaweza kustahimili harufu, lakini aliyefunga, saa nane mchana, tumbo tupu, mate machungu, akiingiza kidole katika bomba kutoa kilichomo, huyo hujuta kuwa na pua. Siku ya kwanza nilitapika mara tatu, maji matupu. Jioni nilikwenda kwa mwalimu wa chuo cha Kurani kuuliza hukumu ya saumu yangu. Akaniambia aliyetapika bila kukusudia saumu yake ipo. Kisha akaniomba nisimame mbali kidogo, nje ya ukumbi.

Tulianza na vilivyokuwa na kutu. Njiti za magurudumu, mnyororo, bolti za tangi na fimbo za breki nilivilaza ndani ya maji ya ndimu na mchanga, kisha nikavisugua kwa makumbi ya nazi mpaka vidole vikachubuka na ndimu ikaingia katika michubuko. Vya shaba vilikuwa vimeota kutu ya kijani, laini, kama ukungu wa mkate. Hivyo vilioshwa kwa ukwaju. Vya chuma kitupu vilivyogandwa na sifa, ndimu haikuvifanya kitu. Mafuta yale yalikuwa yamekuwa utomvu.

Mdogo wangu ndiye aliyejua dawa yake. Alichuja maji ya majivu, yale makali ambayo wanawake hutengenezea sabuni, akavichemsha vyuma ndani ya karai uani kwetu. Sifa na maji ya majivu vikafanya sabuni kweli. Lilipanda povu la kijivu lenye harufu ya papa, likamwagika motoni, na moshi wake ukaingia nyumba tatu za jirani wakati watu wanapika futari. Jirani mmoja akaja ukutani akapiga kelele, "Enyi watoto wa marehemu, mmechimba kaburi?" Mdogo wangu akamjibu, "Bado, mama. Tunaosha kwanza."

Lakini si kila kitu kilifaa kuchemshwa. Fundi alinionya kwamba vile vya madini meupe, ya namna ya sufuria, visiguswe na maji ya majivu kabisa, na aliponigeuzia tumbo la gia nikaona sababu. Deheni ya baba mdogo ilikuwa na chokaa, na chokaa ilikula yale madini kama funza. Nilipoibandua, mahali palipokuwa laini pakawa na mashimo ya kuingia ncha ya kidole, yamejaa unga mweupe, na mahali pamoja palitoboka moja kwa moja. Fundi alipaziba kwa skrubu na risasi iliyoyeyushwa. Tangi alilitia weko kwa viraka vinne vya bati la debe. Bushi za uma wa mbele zilikuwa zimelika upande mmoja hata uma ukawa unacheza kama jino bovu. Alikata nyingine kutoka kipande cha bomba la shaba, nami nikazisawazisha kwa tupa, usiku mmoja na asubuhi moja, nikijaribu, nikipunguza, nikijaribu.

Kilichotushinda kilikuwa pistoni. Iligandia ndani ya silinda, na silinda ilikuwa imejaa sifa iliyokuwa gundi. Tulimimina mafuta ya taa juu yake tukaacha. Siku ya pili hakuna. Siku ya tano hakuna. Fundi alipiga kwa gogo la mwembe, gogo likapasuka. Kwa nyundo alikataa. "Ukiipiga chuma kwa chuma itavunjika," akasema, "na nyingine iko Ulaya." Siku ya tisa ilikuwa tarehe kumi na tisa ya mfungo. Nilikaa chini nikaitazama, imetulia katika tundu lake, na kwa mara ya kwanza nikawaza kwamba haitatoka.

Jioni ile, baada ya kufuturu, nilisema neno ambalo ningelipa chochote kulirudisha kinywani. Nilimwambia mdogo wangu, "Pengine ungekwenda Kiongoroni kwa muda. Miezi mitatu tu. Nikishapata kazi nije kukuchukua."

Alikuwa akikosha bakuli. Hakugeuka. "Hilo umelisema wewe," akauliza, "au amelisema baba mdogo ndani yako?"

Nilinusa mikono yangu. Ilinuka kama ya baba mdogo.

Asubuhi yake alikuja bandani, jambo ambalo msichana wa rika lake hakulifanya, tena mwezi mtukufu, na begani amebeba mchi wa kinu chetu. Wanaume waliokuwa wakingoja baiskeli zao wakaanza maneno. Mmoja akasema, "Leo watatwanga pikipiki!" Mdogo wangu akamsalimu fundi, akamtolea mchi kwa mikono miwili.

"Huu haupasuki, fundi. Umetwanga mpunga tangu bibi ni mwari."

Fundi akaupima mkononi, akatikisa kichwa kukubali. Akaipasha silinda joto juu ya mkaa mpaka mafuta ya taa yakaanza kutoa moshi, akaiweka juu ya magogo mawili, akaniambia nipige, si kwa nguvu, kwa mwendo, kama anayetwanga. Sikuuweza mwendo huo. Mdogo wangu akauchukua mchi. Alipiga mapigo labda arobaini, sawasawa, bila kuharakisha, na mimi nimeshika silinda kwa magunia, naisikia mikononi. Kwanza ikawa kama mtu anayegonga ukuta. Kisha sauti ikabadilika. Kisha pistoni ikateleza upana wa kidole, na pembeni yake ukatoka uchafu mweusi uliopiga mluzi.

Hakuna aliyecheka tena. Mdogo wangu alirudisha mchi begani akaenda zake, na kuanzia siku hiyo tulilazimika kuusugua mchi kwa majivu kila mara kabla ya kutwanga, na bado ubwabwa wetu ulinuka.

Tuliifunga siku tatu kabla ya mwandamo. Fundi alitia mafuta halisi, akatia petroli, akanipa mimi niipige teke. Iliwaka teke la kumi na moja. Tulikuwa tumeosha kila kitu tulichoweza kukifikia, lakini kulikuwa na vipenyo ambavyo hakuna mkono wala waya unaofika, na sifa iliyojificha humo ikapata moto. Moshi mzito wa rangi ya maziwa ukatoka, na harufu ya papa anayeunguzwa ikaenea sokoni. Wauza ndizi wakajifunika. Paka wa soko zima wakaja. Nilipopanda kuijaribu mpaka njia panda na kurudi, walinifuata, na walevi wa Kibiti wakapata jina la kunipa ambalo silitaji hapa.

Tajiri wa mpunga alinipokea barazani leso puani. Akanipa barua ya kivukoni, akasema nikirudi na jibu kabla ya adhuhuri kazi ni yangu, nisiporudi nisijisumbue kuja kueleza. Nilikwenda. Njia ilikuwa ya mchanga, na mara mbili nilianguka. Cheni ilichomoka mara moja nikairudisha kwa mikono. Nilirudi mwadhini akipanda kuadhini adhuhuri. Tajiri alilisoma jibu, akalinusa, akalishika kwa ncha za vidole.

"Barua unaweza kubeba," akasema. "Chakula usinibebee kamwe. Na chombo chako ukilaze upande ule, chini ya upepo."

Nilimwambia ndiyo, bwana. Ningemwambia ndiyo hata angeniagiza nilale nacho huko.

Idi pili shangazi alikuja kutoka Chumbi, na baba mdogo akaja kutoka Kiongoroni. Nilimweleza shangazi habari ya kazi na mshahara, akasema alhamdulillahi, akamwita mdogo wangu akamshika kichwani. Nilidhani mambo yamekwisha. Baba mdogo alikula ubwabwa wetu, sahani mbili, hakuusikia hata harufu. Akajilamba vidole, kisha akatoa mfukoni kamba yenye mafundo.

"Kila fundo mwezi," akasema. "Thelathini na nne. Kila mwezi kibuyu cha sifa, mbali na shahamu, chokaa na pamba. Mali ya mtoto nimeitunza, imewaka, nimeisikia mwenyewe nikitoka lorini. Basi na mimi nipate haki yangu. Hela simdai. Boriti. Korja thelathini."

Korja moja ni boriti ishirini. Nilifanya hesabu kichwani: boriti mia sita.

"Nani alikuagiza uipake?" shangazi akauliza.

"Amana haingoji kuagizwa, dada. Ningeiacha ioze mngenisemaje?"

"Imeoza!" nikasema. "Ba'mdogo, imeoza ndani yote, tumekula harufu yake mwezi mzima na saumu zetu!"

"Usinipandishie sauti. Mimi ni baba yako."

Shangazi akatuma aitwe fundi. Akaja, amevaa kanzu ya kuazima kwa ajili ya sikukuu, akakaa kwenye mkeka, akaulizwa kama shahidi. Je, fremu na magurudumu vimepona kwa sababu ya sifa? Nilimwomba kwa macho. Alinitazama, akainamisha kichwa.

"Vimepona kwa sifa, mama. Nikisema vingine nitakuwa mwongo. Kwa chumvi ya kule, bila kitu, ungebaki unga."

"Na ndani?"

"Ndani kumeozeshwa na hiyo hiyo."

Shangazi akahesabu mafundo ya ile kamba kwa kidole. Akasema aliyetunza nje ana haki ya nje, na aliyeharibu ndani abebe hasara ya ndani. Akayakata madai katikati: korja kumi na tano. Kwa sheria ya watu wetu sina la kumlaumu, hata leo. Aliyewekewa amana akiingia gharama hulipwa, mwenye mali apende kilichotendeka asipende.

Baba mdogo hakubisha. Alikunja kamba yake polepole. "Au tusisumbuane," akasema, kwa upole, na upole huo ndio ulionichafua roho kuliko yote, "kijana ana kazi mpya, boriti atakata saa ngapi? Huyu binti aje Kiongoroni. Mshirika wangu bado anauliza. Akija, deni lote nimesamehe, korja zote kumi na tano, na hapo Mungu ni shahidi."

Mdogo wangu alikuwa mlangoni na sinia la kahawa. Alisimama tu, akinitazama mimi, si shangazi.

Nikaona wazi wakati ule kwamba ile pikipiki alikuwa ameipaka kwa nia njema, na kwamba nia njema ile ile alikuwa ameigeuza bei.

"Nitakata boriti," nikasema.

"Zote?"

"Zote. Yeye hana deni. Mwenye deni ni mimi."

Shangazi akasema, "Mmesikia wote," akamwambia mdogo wangu alete kahawa.

Masika barabara ya kivukoni hugeuka tope, tajiri hana wa kumpelekea barua, na mimi huwa sina kazi kwa wiki saba au nane. Wiki hizo nilizipeleka delta, kwenye mikoko ya mdomo wa mto. Nilipanga kibanda Mbuchi, nikawa naingia mikokoni maji yakitoka, natoka maji yakiingia, mpaka magotini katika tope linalonuka mayai viza, nakata mkandaa, mkoko wa boriti, ulionyooka, naumenya gamba, naufunga kumi kumi. Gamba la mkandaa lina maji mekundu. Mikono yangu ikawa na rangi ya kutu. Mbu sitawataja. Mwaka wa kwanza nilitoa korja nne. Kila wiki mashua ya baba mdogo ilipita kuzichukua, naye alishuka mwenyewe kuhesabu. Alipitisha kiganja chake juu ya kila boriti kama anayepapasa mbuzi wa mnadani, na zile zenye fundo au kijipindo alizitupa pembeni. Zilizotupwa hazikuhesabiwa, ila naye hakuziacha. Alizipakia pia, akisema zinafaa kwa ua.

Mwaka wa pili mdogo wangu aliposwa na kijana wa Kibiti, mshona viatu, kwa ridhaa yake mwenyewe. Baba mdogo alikuja kwenye ndoa, akala, akacheza, akamtunza bibi arusi, na alipokuwa akiaga alinivuta kando akaniuliza masika ijayo nitaanza lini.

Masika hiyo nilitoa korja mbili, kwa kuwa homa ilinilaza siku kumi. Alipofunga ya mwisho aliketi juu ya omo, mbele ya mashua, akaosha miguu yake kwa maji ya mto.

"Sita," akasema. "Bado tisa, mwanangu. Usijitese. Mimi sina haraka."

"Tisa," nikaitikia, nikarudi topeni, maana maji yalikuwa bado hayajaanza kupanda.